Siku ya Tatu Sikupewa Jembe

Kwetu Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, mtoto hufundishwa mapema kwamba mgeni ni wa siku mbili na siku ya tatu hupewa jembe. Nilikwenda Tajikistan mwezi wa Machi mwaka 2019 nikiishika methali hiyo kwa dhati, nikiamini kwamba mgeni anayejiheshimu huamka kabla ya mwenyeji wake, hukunja mikono ya gauni na kuingia jikoni bila kusubiri kuitwa. Nilikaa huko majuma matano, na sehemu kubwa ya majuma hayo niliitumia kujifunza jambo ambalo sikuwahi kudhani kuwa linahitaji kufundishwa, nalo ni kuketi na kuhudumiwa. Ninaandika kwa ajili ya msomaji anayefikiria kwenda kule, kwa sababu maandishi ya wasafiri niliyoyasoma kabla ya safari yalinieleza sana milima na barabara, lakini hayakuniambia nifanye nini nikikabidhiwa bakuli la chai lililojazwa nusu.

Aliyenialika ni rafiki tuliyesoma pamoja Uturuki, na hadi leo tunazungumza Kituruki, lugha ambayo si yake wala si yangu. Wazazi wake wanaishi katika bonde la Hisor, kiasi cha kilomita 30 magharibi mwa mji mkuu, Dushanbe. Mtu aliyezaliwa kisiwani huchukua siku kadhaa kuizoea nchi hiyo, kwa kuwa haina bahari na zaidi ya asilimia 90 ya ardhi yake ni milima, hivyo kila ninapotazama upande wowote jicho hugota kwenye ukuta mweupe wa theluji. Ilijitangazia uhuru kutoka Muungano wa Kisovieti tarehe 9 Septemba 1991, na haukupita mwaka ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1997. Nilidhani vita hivyo ni habari ya vitabuni. Baadaye nilivikuta katika mkate.

Lugha ilinipokea kabla ya watu. Kitajiki ni Kiajemi kinachoandikwa kwa herufi za Kirusi tangu mwaka 1940. Kabla ya hapo kiliandikwa kwa herufi za Kilatini kwa miaka michache, na kabla ya hizo kwa herufi za Kiarabu, kama Kiswahili kilivyoandikwa kwa karne nyingi pwani yetu. Kwa hiyo nilikuwa sijui kusoma hata kibao cha duka, lakini masikio yangu yalikuwa yanaokota maneno niliyozaliwa nayo. Safari ni safar, habari ni khabar, kitabu ni kitob, asali ni asal, tanuri ni tanur, na sambusa ni sambusa, bila kubadilika hata herufi moja. Jina la mji wenyewe lilinifurahisha zaidi. Dushanbe maana yake ni Jumatatu, kwa sababu mji ulikua kutokana na soko lililofanyika siku hiyo. Sisi tunahesabu siku kuanzia baada ya Ijumaa, tukapata Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Wao wanahesabu kuanzia baada ya Shanbe, yaani Jumamosi, wakapata Yakshanbe, Dushanbe na Seshanbe, na Ijumaa wameiacha nje ya hesabu na kuiita Juma, kama sisi tulivyoiacha nje. Msafiri akishaelewa hesabu hiyo hatashangaa kusikia kwamba soko kuu la mji wa Khujand, kaskazini, linaitwa Panjshanbe, yaani Alhamisi. Maneno mengine, hata hivyo, hupoteza njia. Nilimwuliza mtoto wa jirani iliko maktab nikitafuta mahali pa vitabu, naye akanishika mkono akanipeleka hadi kwenye lango la shule yake, kwa sababu kwao maktab ndiyo shule.

Hata namna ya kuwaita wenyeji ilikuja yenyewe. Rafiki yangu aliniambia nimwite mama yake khola na baba yake amak, nami niliyekulia kati ya kina halati na ami sikuhitaji maelezo zaidi. Khola alinipokea mlangoni huku mkono wake wa kulia ukiwa kifuani. Nilivua viatu, nikaingizwa katika chumba cha wageni, nikaketishwa juu ya kurpacha, godoro jembamba la pamba linalotandikwa pembezoni mwa ukuta. Niliketi karibu na mlango, kama anavyofanya mtu mwenye adabu asiyetaka kujikweza. Amak alininyanyua kwa upole na kunihamishia upande wa mbali kabisa na mlango, kwa kuwa hapo ndipo pa mgeni na pa wazee, na anayeketi karibu na mlango ni kijana wa nyumba anayeingia na kutoka na birika. Kumbe kwa unyenyekevu wangu nilikuwa nimechukua kazi ya mtu mwingine.

Katikati ya chumba hutandazwa kitambaa kiitwacho dasturkhon, na juu yake hupangwa lozi, jozi, zabibu kavu, aprikoti kavu, peremende na jemu hata kabla chakula chenyewe hakijaiva. Kitu cha kwanza kuwekwa ni mkate, unaoitwa non. Ni wa duara, umebandikwa ndani ya ukuta wa tanuri ya udongo kama mkate wetu wa mofa, na katikati yake umechomwa nakshi kwa kifaa chenye vijiti vya chuma. Mkate huo una uso na mgongo, na hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Jioni ile nilipokuwa nikisogeza vyombo nilikamata kipande cha non nikakiweka kifudifudi, nakshi ikitazama chini. Khola alinyoosha mkono akakigeuza bila kusema neno wala kunitazama, na mazungumzo yakaendelea. Usiku rafiki yangu alinieleza kwamba mkate hauwekwi kifudifudi, hautupwi, haukanyagwi, na haukatwi kwa kisu mbele ya wageni, bali mwenyeji au mkubwa wa kikao huumega kwa mikono na kuwagawia wote. Mkate ukianguka chini, aliyeuangusha huuokota, huubusu na kuuweka mahali pa juu.

Siku chache baadaye, Khola mwenyewe alinisimulia jinsi wakati wa vita alivyokuwa akitoka gizani, katika baridi kali, kwenda kupanga foleni ya mkate mjini Dushanbe, na jinsi alivyorudi zaidi ya mara moja mikono mitupu kwa watoto wawili wadogo. Heshima ya mkate kwao ni ya kale kuliko vita hivyo, lakini nilipomsikia akisimulia nilielewa kwa nini mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kile kukigeuza kile kipande. Naomba msomaji alichukue hili kuliko mengine yote niliyoyaandika hapa. Ukikosea kuvaa utasamehewa, ukikosea kuketi utahamishwa, lakini ukiudharau mkate umemdharau mtu.

Chai ilinitatiza kwa namna nyingine. Wanakunywa zaidi chai ya kijani, bila sukari ndani ya bakuli, katika kibakuli kisicho na mkono kiitwacho piyola. Anayemimina humimina kwanza katika piyola na kuirudisha chai ndani ya birika, mara tatu, ili ikolee sawasawa, kisha huwagawia watu. Piyola yangu ililetwa ikiwa na chai nusu, au chini ya nusu. Pwani kwetu kikombe cha mgeni hujaa hadi ukingoni, na kikombe nusu ni dalili kwamba mwenye nyumba hana au hataki. Nilinywa huku nimeumia kidogo moyoni, nikaongezwa nusu nyingine, nikanywa, nikaongezwa tena. Kesho yake nikataka kuonyesha malezi yangu. Amak alipoketi nilichukua birika, nikamjazia piyola yake hadi juu kabisa, nikampa kwa mikono miwili. Kijana wa nyumba aliinamisha kichwa, na Amak akapokea, akaweka mkono kifuani, akanywa polepole hadi tone la mwisho ingawa ilikuwa inaunguza.

Maana ya chai nusu ni kwamba mwenyeji anataka kuendelea kukuhudumia. Kila anapoongeza anapata nafasi ya kukuuliza habari zako, na chai yako haipoi kamwe. Piyola iliyojaa humwambia mtu anywe amalize aende zake. Nilikuwa nimemfukuza mzee nyumbani kwake, naye akachagua kunywa chai inayounguza kuliko kuniaibisha mbele ya watu. Nimekutana na adabu nyingi katika maisha yangu, lakini ile nimeiweka mahali pake peke yake.

Siku ya tatu ikafika. Niliamka alfajiri, nikaenda jikoni, nikamkuta Khola na mkwe wake wakikanda unga, nikainama kuchukua sufuria chafu. Khola aliichukua mkononi mwangu. Nikajaribu fagio, nalo likachukuliwa. Nikarudi chumbani nikaketi, na kwa saa nzima nilihisi aibu niliyoshindwa kuieleza, kama mtu anayekula deni. Rafiki yangu aliponiona aliniambia msemo wa kwao kwamba mgeni ni zawadi itokayo kwa Mungu. Nikamjibu kwamba sisi nasi husema mgeni njoo mwenyeji apone. Akaniuliza, sasa kama mgeni ndiye dawa, kwa nini unakataa watu wapone? Sikuwa na jibu, na kwa kweli sikuwahi kuitazama methali yetu kutoka upande huo. Tangu siku ile nilijitahidi kupokea kila kilicholetwa kwa mkono wa kulia, kuonja kila sahani japo kidogo, na kuuliza habari za watoto na mifugo, kwa sababu niligundua kwamba hicho ndicho walichokitaka kwangu badala ya kuosha vyombo.

Mipaka ipo, na msafiri aijue. Mtajiki atakualika chai hata mkikutana njiani kwa dakika mbili, na si kila mwaliko ni wa kuitikia papo hapo, maana nyumba nyingi kipato chake ni kidogo na hutegemea fedha za vijana wanaofanya kazi Urusi. Niliambiwa nikatae kwa upole mara ya kwanza na ya pili, na mwaliko ukirudiwa mara ya tatu nijue ni wa moyoni. Aendaye nyumbani kwa mtu hubeba chai, peremende au matunda. Fedha haziwekwi mkononi mwa mwenyeji baada ya kula, kwani atajiona amegeuzwa kuwa mwenye hoteli.

Chakula kikuu cha heshima ni osh, ambayo pia huitwa palav, na sikio la Mswahili husikia pilau mara moja. Mwaka 2016 UNESCO iliiweka oshi palav katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, ikieleza kwamba inapikwa kwa namna zipatazo 200. Nilibahatika kuona ikipikwa kwa ajili ya arusi ya jirani. Jioni ya kuamkia siku hiyo majirani walikusanyika kukata karoti, za njano na za rangi ya machungwa, vipande vyembamba kama njiti, nyingi kiasi kwamba zilijaa mabeseni, na kikao hicho cha karoti kilikuwa sherehe tosha. Alfajiri akaja mpishi mwanamume, oshpaz, na sufuria kubwa ya chuma isiyo na kingo. Alichemsha mafuta hadi yakatulia, akakaanga vitunguu na nyama, akatia karoti, uzile na vichwa vya vitunguu saumu vizima bila kumenya, akaongeza maji na dengu zilizolowekwa. Mchele aliutandaza juu kwa mwiko na hakuukoroga kabisa. Uliivia palepale juu kwa mvuke, na ulipokuwa tayari ndipo akaupakua kwanza mchele, kisha karoti, na nyama ikakaa kileleni mwa sinia. Hakuna iliki, hakuna karafuu, hakuna mdalasini. Mimi niliyetoka kisiwa cha karafuu nilitaka kusema kwamba kuna kitu kimesahauliwa, lakini tonge la kwanza lilininyamazisha, kwa kuwa utamu wote unatoka kwenye karoti na mafuta ya mkia wa kondoo, na uzile peke yake unatosha kuubeba.

Osh hiyo ya asubuhi wanaume huila mapema, kabla ya kwenda kazini, kisha huondoka. Wanawake tulikula baadaye, wanne wanne kwenye sinia, kila mmoja akila upande wake kama ilivyo kwetu. Rafiki yangu alinieleza kwamba tangu mwaka 2007 ipo sheria inayodhibiti ukubwa na gharama za sherehe, kwa sababu familia zilikuwa zinajifilisi kwa arusi na maziko. Nilikumbuka kadi za michango zinazonisubiri Dar es Salaam nikanyamaza.

Siku hiyo nilifanya kosa ambalo tumbo langu lililikumbuka usiku kucha. Baada ya kula osh yenye mafuta mengi nilikunywa soda baridi. Khola alikuwa amenionya kwa ishara, nami sikuelewa. Wanaamini kwamba mafuta ya kondoo huganda tumboni yakikutana na kitu cha baridi, na ndiyo maana chai ya kijani, moto, hufuatia osh kila mara. Kama sababu ni hiyo au nyingine siwezi kuamua, lakini sikurudia tena, na tumbo halikuniuma tena. Kuna pia qurutob, ambayo naipenda kuliko osh ingawa ni chakula cha siku za kawaida. Madonge makavu ya maziwa ya mgando yenye chumvi huyeyushwa kwa maji, yakamwagwa juu ya mkate wa tabaka tabaka uliochambuliwa ndani ya chano kikubwa cha mbao, kisha juu huwekwa vitunguu vilivyokaangwa, nyanya, matango na majani mabichi. Huliwa kwa mkono, wote kwenye chano kimoja. Mla chakula akimaliza, mkubwa wa kikao huinua viganja, huomba dua fupi, na wote hupitisha mikono usoni wakisema omin. Baada ya hapo hakuna anayerudisha mkono kwenye sahani, hata kama tonge tamu limebaki mbele yake.

Kisha ikaja Navruz, tarehe 21 Machi, mwaka mpya wa Kiajemi, na hapo ndipo nilipojikuta nyumbani kuliko popote. Makunduchi tuna Mwaka Kogwa. Wazee wetu wanaiita siku hiyo Nairuzi au Siku ya Mwaka, wanaume hupigana kwa magomba ili wamalize kinyongo cha mwaka uliopita, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake huimba mchana kutwa. Kwetu hufanyika Julai, kwa kuwa kalenda ile ya zamani ya siku 365, isiyo na nyongeza ya mwaka mrefu, iliendelea kusogea hadi ikaachana na majira ya machipuo. Nilipomweleza Amak kwamba katika kijiji changu, ng'ambo ya bahari mbili, tunaadhimisha Nairuzi, aliniuliza mara tatu kama nimesema kweli. Kisha akatoka nje kuwaambia majirani.

Usiku wa kuamkia Navruz wanawake hupika sumanak. Siku kadhaa kabla, ngano hulowekwa na kutandazwa hadi ichipue vijiti vyeupe, ikatwangwa, ikakamuliwa maji yake, na maji hayo hupikwa pamoja na unga na mafuta katika sufuria kubwa uani tangu jioni hadi alfajiri. Mawe madogo safi huwekwa ndani ya sufuria, kwenye kitako chake, ili uji usiungue, na lazima ukorogwe bila kukoma. Sukari haitiwi hata chembe. Utamu hutoka katika ngano yenyewe. Tulikuwa wanawake kama kumi na watano, tumejifunika mashuka, moto ukiwa mbele na baridi mgongoni, wakiimba na kupiga dufu. Karibu saa sita za usiku Khola alinitazama, akanyanyuka, akanikabidhi mwiko mrefu wa mbao. Nilikoroga kama nilivyowaona wakorogaji wa halua wa Wete na Mjini Unguja, mgongo ukiwa umenyooka na nguvu ikitoka mabegani, na mikono yangu ikachoka nikafurahi kuchoka. Kila anayekoroga hunuia jambo lake kimya. Kabla ya mapambazuko sufuria ilifunikwa, dua ikasomwa, na kulipokucha ikafunuliwa, rangi yake ya kahawia kama halua, tukagawiwa vibakuli vya kupeleka nyumba kwa nyumba. Siku ile nzima niliruhusiwa kuingia jikoni na hakuna aliyeninyang'anya sufuria.

Mchana tulikwenda kwenye uwanja wa ngome ya Hisor kutazama mieleka na buzkashi, mchezo wa wapanda farasi wanaogombea mzoga wa mbuzi. Kwa hilo naweza kusema tu kwamba msafiri asimame mbali na mstari, kwani farasi hawajui mgeni ni nani.

Juu ya mavazi nitasema kwa ufupi, hasa kwa dada zangu wa pwani. Wanawake wengi huvaa kurta, gauni refu la rangi kali lenye suruali ndani yake, na la thamani zaidi ni la chakan, lililodariziwa maua kwa mkono, ufundi wa Kulob ulioingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2018. Kitambaa cha kichwa hufungwa kwa nyuma. Nilipofunga mtandio chini ya kidevu kama nilivyozoea, rafiki yangu aliniomba niufunge kwa nyuma tunapokwenda maofisini, kwa kuwa serikali inaona hijabu ni vazi la kigeni, na baadaye, mwaka 2024, ilipitishwa sheria ya kukataza mavazi yanayohesabiwa kuwa mageni kwa utamaduni wa taifa. Nilihuzunika, na bado sikubaliani nalo, lakini anayekwenda asafiri akilijua.

Aprili nilikwenda Khorog, makao makuu ya Badakhshan ya Milimani, ambako wakati ule mgeni alihitaji kibali maalumu pamoja na viza. Gari la abiria la kushirikiana liliondoka Dushanbe asubuhi na kufika baada ya usiku wa manane, likifuata mto Panj kwa mamia ya kilomita. Ng'ambo ya mto ni Afghanistan, karibu kiasi kwamba niliwaona watoto wakiswaga punda, na aprikoti zilikuwa zimechanua pande zote mbili. Niliishia Khorog. Barabara inayoendelea hadi Murghab, ikishaupita mji huo kwenda kaskazini, huvuka njia ya mlimani ya Ak-Baital kwenye kimo cha mita 4,655, na mapafu yaliyokulia ufukweni sikutaka kuyatuma huko.

Nyumba ya Kipamir ni somo la peke yake. Kwa nje ni boma la kawaida la mawe na udongo. Ndani kuna nguzo tano zenye majina ya Muhammad, Ali, Fatima, Hasan na Husein, na juu kuna tundu la mwanga lililojengwa kwa miraba minne iliyopandana, ambayo huelezwa kuwa ardhi, maji, hewa na moto. Asubuhi huletwa shirchoy, chai ya maziwa yenye chumvi na siagi, ambamo mkate humegewa na kulowana. Nilipokunywa mara ya kwanza nilidhani chumvi imeingia kwa bahati mbaya. Siku ya nne nilikuwa naamka nikiifikiria. Pembeni huwekwa forosadi zilizokaushwa, tamu kuliko tende.

Mzee wa nyumba aliniuliza nimetoka wapi. Nilipotaja Tanzania aliniuliza, kupitia kwa mjukuu wake, kama Dar es Salaam ni ya Tanzania. Nilipoitikia alinyamaza, akauchukua mkono wangu akaubusu, nami nikaubusu wake, kwa kuwa ndivyo wanavyosalimiana wao na ndivyo tulivyofundishwa sisi kwa wazee. Watu wa kule wengi ni Waismailia, na tarehe 19 Oktoba 1957 ilikuwa Dar es Salaam ambako Aga Khan IV, aliyefariki Februari 2025, alisimikwa kuwa Imamu wao. Miaka ya vita, njia zilipofungwa na njaa ikaingia milimani, taasisi zake ndizo zilizowapelekea unga, na mwezi wa Mei mwaka 1995 alifika mwenyewe. Mimi si Mwismailia, na nimepita mbele ya jamatkhana, nyumba yao ya ibada, ya Dar es Salaam miaka mingi bila kugeuza shingo. Mzee yule alitaka nimweleze jengo lilivyo, barabara ilivyo, upepo unatoka upande gani, na niliona haya kwa uchache wa nilichoweza kumwambia.

Nilirudi Hisor kwa siku mbili za mwisho. Tangu nilipoingia nyumba ile mara ya kwanza nilikuwa nimeona ukutani, juu ya mlango wa jikoni, mikate miwili mikavu iliyotundikwa kwenye misumari, kila mmoja ukiwa na pengo pembeni, nikaichukulia kuwa pambo. Usiku wa kuagana Khola alileta non mpya kutoka tanurini, akaushika mbele yangu kwa mikono miwili, akaniambia niuume. Niliuma. Aliuchukua, akaufunga kitambaa cheupe, akautundika kwenye msumari wa tatu. Wanawe wawili walikuwa Urusi wakifanya kazi ya ujenzi, mmoja tangu mwaka 2016, na kila mmoja aliuma mkate wake asubuhi aliyoondoka, ili kilichobaki kimngoje arudi akimalize.

Mwaka 2021 rafiki yangu alinitumia picha ya ukuta ule. Msumari mmoja ulikuwa mtupu, kwa sababu kaka yake mkubwa alikuwa amerejea, na Khola alimlowekea mkate ule katika chai hadi ukalainika akaula wote. Wa mdogo wake ulikuwa bado unaning'inia, na wangu pembeni yake, alama ya meno ikionekana.